Kabati la chipsi lina magurudumu, leseni haina

Haya ni maelezo ya mwandishi wa kujitegemea aliyoyatoa mbele ya vijana wanaouza chakula barabarani jijini Dar es Salaam. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, ili na wewe msomaji ambaye siku hiyo ulikuwa jikoni usikose.



Nimeombwa nizungumze habari ya vibali. Najua neno lenyewe halina ladha. Mjini hapa ukimtajia muuza chipsi neno "kibali" anaangalia kwanza nyuma, kisha kulia, kisha anashika mfuko wa fedha. Amezoeshwa hivyo. Miaka nenda miaka rudi kibali kimekuwa kitu cha kumwonyesha mtu mwenye rungu, si kitu cha kumsaidia mwenye jiko.

Sikuja hapa kulia na ninyi. Kulia tumelia sana, na wanaotuliza wanazidi kunawiri. Nimekuja tuambizane karatasi ipi ni ipi, inatolewa na nani, inakukinga na nini, na hili ndilo kubwa: HAIKUKINGI NA NINI. Maana kabwela wa mjini haangushwi kwa kukosa karatasi tu. Mara nyingi anaangushwa akiwa nayo mfukoni, safi kabisa, ina muhuri, ila ni karatasi inayojibu swali ambalo hakuulizwa.

Chukua kijana anayekaanga chipsi pembeni mwa Barabara ya Morogoro. Kapima afya. Anacho cheti. Gari la halmashauri linasimama, mgambo wanashuka. Kijana anatoa cheti chake kwa kujiamini. Kabati linapakiwa hivyo hivyo, na karai la mafuta juu yake. Kijana anaamini ameonewa, na pengine kaonewa kweli. Lakini cheti kile kilisema kwamba tumbo lake ni salama. Hakikusema kwamba anaruhusiwa kusimama pale.

Kwa hiyo shikeni maswali manne, maana kila ofisi inauliza moja wapo. Wewe ni nani? Unafanya biashara gani? Wewe na jiko lako ni wasafi? Umesimama wapi? Karatasi moja haijibu maswali yote manne, na atakayekuuzia karatasi ya namna hiyo huyo ni tapeli, hata kama ana ofisi na kalenda ya Taifa ukutani.

Swali la kwanza nalipita haraka. Pata namba ya NIDA, kisha nenda TRA upate namba ya mlipakodi, yaani TIN. TIN ni BURE. Narudia kwa wale walio nyuma: ni bure. Anayekudai elfu kumi nje ya geti la TRA "akusaidie kujaza" anauza jasho lake, hauzi TIN.

SHERIA YA MWAKA 1972

Sasa tuje kwenye leseni. Sheria inayoongoza leseni za biashara nchini ni ile Na. 25 ya mwaka 1972. Imefanyiwa marekebisho mara nyingi, lakini mifupa yake ni ile ile. Biashara zimegawanywa makundi mawili. Kundi A ni za wakubwa na zile zinazovuka mipaka, leseni zake zinatoka BRELA. Kundi B ni zetu: migahawa, magenge, maduka ya rejareja. Hizo zinatoka halmashauri, kwa afisa biashara. Siku hizi maombi yanapitia kwenye mfumo wa TAUSI, unajaza kwa simu au kompyuta, na utaulizwa NIDA na TIN. Ndiyo maana nilianza na hizo.

Lakini isome sheria hiyo vizuri. Inataka uwe na leseni ya biashara unayoifanya, NA biashara hiyo ifanyike mahali palipotajwa kwenye leseni. Mahali palipotajwa! Mwaka 1972 waliotunga sheria walikuwa wanaliona duka akilini mwao: kuta nne, mlango, kufuli, namba ya kiwanja. Hawakuona toroli. Hawakuona guta lenye jiko la mkaa, wala kirikuu kilichokatwa ubavu kikawa dirisha la kuuzia supu. Kabati lako lina magurudumu, leseni yao haina.

Hapo ndipo tatizo letu lote lilipo, na nawaomba msilisahau hata mkisahau mengine yote. Mwenye chakula cha kutembeza hakwami kwenye unga wala mafuta. Anakwama kwenye MAHALI.

Wazee wenu watawasimulia habari ya Nguvu Kazi. Sheria ile ilipitishwa mwaka 1983. Kijana asiyekuwa na kazi inayotambulika alikamatwa mjini akapakiwa kwenda kulima. Muuza karanga alihesabiwa mzururaji mpaka aonyeshe karatasi, na hiyo karatasi ikaitwa leseni ya nguvu kazi. Tangu hapo fikra haijabadilika sana: mtu anayeuza huku anatembea ni mtu wa kushukiwa kwanza, maelezo baadaye.

Halafu ikaja Desemba 10, 2018. Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wafanyabiashara wadogo, kila kimoja shilingi 20,000, vikiwa vya wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Wenye vitambulisho waliahidiwa kutobughudhiwa. Wengi wenu mlivaa shingoni kama hirizi, na sikulaumu, maana kwa muda fulani hirizi ilifanya kazi.

Lakini Oktoba 2021 ilipofika, Dar es Salaam nzima ilishuhudia vibanda vikiondolewa pembezoni mwa barabara na watu wakielekezwa maeneo yaliyopangwa. Je, kitambulisho kilizuia? Hakikuzuia, kwa sababu kilijibu swali la nani na la biashara gani. Hakikujibu swali la wapi. Mwaka 2024 vikaanza vitambulisho vipya vya kidijitali, chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Jiandikishe, nakushauri kabisa, maana bila kuandikwa popote hata mkopo hutaupata. Ila usikitundike shingoni ukadhani umepata kiwanja.

Na hapo kwenye milioni 4 tupige hesabu kidogo, tusidanganyane. Ukigawa milioni 4 kwa siku 365 unapata kama shilingi 10,960 kwa siku. Hayo ni MAUZO, si faida. Tuseme sahani ya zege ni shilingi 3,000. Sahani nne tu umeshavuka! Ni muuza chipsi gani wa Sinza au Buguruni anayeuza sahani tatu akafunga kabati akalale? Kwa maneno mengine, mstari ule ulichorwa chini mno kwa mkaanga chipsi yeyote anayejiweza. Unamfaa muuza kashata na kahawa, tena wa siku mbaya.

Matokeo yake ni kwamba vijana wengi mnatembea na kitambulisho ambacho, mtu akitaka kuwatafuta ubaya, atasema hakiwahusu. Dawa yake ni daftari. Nunua daftari la kurasa mia moja, andika kila siku ulichouza na ulichonunua. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mtu mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiyekuwa na kumbukumbu alikadiriwa shilingi 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kama uliuza milioni 5, hiyo ni shilingi 30,000. Daftari la shilingi elfu mbili likakuokolea elfu sabini. Viwango huweza kubadilishwa bungeni, kwa hiyo uliza vya mwaka wako kabla hujafungua pochi. Lakini uliza ukiwa na daftari mkononi.

CHETI CHA AFYA SI CHA MGAMBO

Hapa nitakaa kidogo, na nitasema mambo ambayo baadhi yenu hamtayapenda.

Kuna cheti cha kupima afya, ambacho ni cha MTU. Wewe, msaidizi wako anayemenya viazi, na yule binamu anayekuja jioni kuosha sahani, kila mmoja na chake. Na kuna ukaguzi wa jiko, ambao ni wa VITU: kabati, maji, taka, vyombo. Vyote viwili ni kazi ya afisa afya wa halmashauri, yule mnayemwita bwana afya, na utampata kuanzia ngazi ya kata. Sheria iliyo nyuma yake ni ya Afya ya Jamii, Na. 1 ya mwaka 2009. Mgambo hapimi afya. Mtendaji wa mtaa hapimi afya. Dalali anayekuja kijiweni na mafaili huyo ndiye kabisa hapimi chochote isipokuwa urefu wa ujinga wetu.

Upimaji kwa kawaida ni wa kila miezi sita, kwenye kituo cha afya kinachotambulika. Kikubwa kinachotafutwa ni magonjwa yanayosafiri kwa chakula: choo kinapimwa minyoo na amiba, homa ya matumbo inatafutwa, na unaangaliwa kama una kikohozi cha kifua kikuu au vidonda mikononi.

Najua kinachowafukuza wengi wenu pale dirishani. Mnaogopa kupimwa UKIMWI bila kujua. Sikilizeni. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa chakula, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, ukiacha mambo machache kama amri ya mahakama. Kuuza chipsi si mojawapo. Atakayekulazimisha kwa ajili ya cheti cha chakula anavunja sheria. Ukitaka kupima kwa hiari yako, hilo ni jambo jema na la peke yake.

Sasa kwa nini upimwe choo wakati unajisikia mzima na unabeba gunia la viazi mgongoni? Kwa sababu kuna watu wanabeba vijidudu vya homa ya matumbo bila wao kuumwa hata kichwa. Mwaka 1907 huko New York aligundulika mpishi mmoja mwanamke, Mary Mallon, mzima wa afya, na familia alizozipikia zilikuwa zikianguka kwa homa ya matumbo moja baada ya nyingine. Alikataa katakata kuamini. Akatengwa, akaachiwa kwa masharti asipike tena, akapika tena kwa jina la bandia. Tangu enzi hizo wapishi wanapimwa. Swali lenyewe si kama wewe unaumwa. Swali ni kama wateja wako wataumwa.

Ndiyo maana nasema cheti cha mezani, kile unachokinunua bila kuacha hata chembe ya choo maabara, ni hasara mara mbili. Umelipa hela, na hujui kilichomo tumboni mwako. Na yule mteja wako anayekuita "fundi" kila jioni, mwenye watoto watatu, anabeba chipsi kwenye kaki kwenda nyumbani akiamini kuwa fundi yuko salama.

Msidhani nawatetea wakubwa. Kipindupindu cha mwaka 1997 kiliwapata watu zaidi ya 40,000 katika nchi hii. Agosti 2015 kikalipuka tena hapa Dar es Salaam, na jambo la kwanza lililofanyika ni kuwapiga marufuku wauzaji wa vyakula vya wazi. Mitaa isiyo na maji, mifereji iliyoziba, vyoo vinavyotapishwa mvua ikinyesha, hivyo havikupigwa marufuku! Aliyebebeshwa lawama ni muuza juisi ya miwa. Hilo tuliseme wazi wazi. Lakini tuseme na jingine: kipindupindu kinaweza kumwangusha mtu ndani ya saa 12 tu au kikachukua siku 5. Cheti chako cha Januari hakijui lolote juu ya ndoo ya maji uliyochota leo asubuhi. Kwa hiyo usafi wa kila siku hauna mbadala wa karatasi.

Bwana afya akija anaangalia nini? Nimewauliza baadhi yao, na nimesimama pembeni nikiwatazama wakikagua. Anatazama kwanza maji. Ndoo yenye bomba na mfuniko, maji yanayotiririka, sabuni ipo. Beseni moja ambalo watu ishirini wamenawia mikono ni kosa kabla hujafungua mdomo. Anatazama kabati kama kioo chake kizima na kinafunga. Anatazama kucha zako, aproni, kofia. Anatazama pipa la taka kama lina mfuniko. Anakuuliza mnajisaidia wapi, na hapo vijana wengi wanababaika. Ongea na mwenye nyumba au mwenye baa ya jirani mapema, mkubaliane juu ya choo.

Kisha anaangalia kachumbari. Vijana, kachumbari ndiyo inayowaponza. Viazi vimepita kwenye mafuta yanayochemka, hakuna kijidudu kinachobaki. Kachumbari haijapita popote. Imekatwa saa nane mchana, ipo kwenye ndoo mpaka saa tano usiku, na kijiko ni kile kile. Kata kidogo kidogo. Kuku na mishikaki iliyoiva ama iwe juu ya moto, ama isikae wazi zaidi ya saa mbili. Shirika la Afya Duniani linataka chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 60. Huna kipimajoto, najua. Kama unaweza kushika nyama ile kiganjani ukatulia bila kuirusha, imeshapoa mno. Rudisha jikoni.

Na mkono unaopokea noti usishike chipsi. Kuna vijana wawili wawili kwenye kijiwe, mmoja afanye hesabu, mwingine apakue. Halafu mafuta. Nyote mnajua uvumi wa mafuta ya transfoma. Mteja akikuta mafuta yako meusi kama ya gereji, uvumi huo unahamia kwako hata kama ulinunua alizeti dukani. Yabadilishe.

Mwingine ataniuliza: TBS inaingiaje hapa? Tangu Julai 1, 2019 masuala ya usalama wa chakula yalitoka kwenye iliyokuwa TFDA yakaenda TBS. Kwa chipsi za sahani wewe utakutana zaidi na afisa afya wa halmashauri. Lakini siku utakayoanza kufunga pilipili yako kwenye chupa na kubandika karatasi yenye jina, hapo umeingia kwa TBS moja kwa moja. Mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, anapata barua ya utambulisho, kisha anakwenda nayo TBS. Na mifuko ya plastiki ya kubebea, mnajua, ilikufa Juni 1, 2019. Msiifufue.

WAPI PA KUSIMAMA

Narudi kwenye swali la nne, lile linalowala wengi.

Pembezoni mwa barabara kuna kitu kinaitwa hifadhi ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 eneo lile lina mwenyewe: barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS, za mijini na vijijini zipo chini ya TARURA tangu 2017. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kukupa. Mtendaji hawezi kukukodisha. Ukimlipa mtu "ushuru wa eneo" kwenye hifadhi ya barabara, hela yako imepokelewa na asiye na mali, na siku ya bomoabomoa hutamwona.

Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni maeneo yaliyotengwa na halmashauri. Nakubaliana nanyi kwamba mengi yako mbali na wateja. Njaa ya mtu haipandi daladala kukufuata wewe ulikopangiwa. Waliopanga maeneo hayo wanakula chakula cha mchana ofisini, hawajui kwamba chipsi inauzwa pale mtu anaposhukia gari. Lakini yapo masoko yenye watu, na nafasi zake zinaandikwa kwenye rejista. Jina lako likiwa kwenye rejista, hilo ni jambo la kushika.

Ya pili ndiyo naipenda zaidi, na wajanja wachache wanaitumia kimya kimya. Ni kiwanja cha mtu binafsi. Kibaraza cha baa. Ua la gereji inayofungwa jioni. Uwanja wa mbele wa nyumba ambayo mpaka wake haujagusa hifadhi ya barabara. Andikishana na mwenyewe. Msikubaliane kwa mdomo huku mnacheka. Andikeni jina, eneo, kodi, muda, na wawili wa kushuhudia. Karatasi hiyo ndiyo mkataba wa pango, na afisa biashara anapotoa leseni ya kundi B hicho ndicho anachokuuliza: mahali ni wapi na una haki gani hapo. Ghafla kabati lako la magurudumu limepata anwani. Sheria ya 1972 imeshiba. Jioni unalisukuma ukalifungie, kesho unarudi pale pale.

Je, ni haki kwamba kijana asiye na kitu alazimike kumlipa mwenye baa ili aitwe halali? Mimi nasema si haki. Mji wenye watu mamilioni wanaokula barabarani ungekuwa na leseni ya chakula cha kutembeza, yenye saa na njia zake, inayotolewa kwa dirisha moja. Serikali yenyewe ilikiri mwaka 2018, kwenye mpango wake wa kuboresha mazingira ya biashara, kwamba taasisi nyingi zinagongana juu ya mfanyabiashara mmoja. Kukiri walikiri. Ila mpaka hilo dirisha moja lifunguliwe, wewe una viazi vya kukaanga leo jioni.

WAKIJA

Mwenye karatasi zote naye hufuatwa. Kwa hiyo lijueni hili.

Malipo yoyote ya halmashauri yana namba ya malipo ya serikali, ile mnayoita kontrolo namba, au stakabadhi inayotoka kwenye mashine. Hakuna risiti, hakuna malipo. Katiba yetu, Ibara ya 138, inasema kodi haitozwi isipokuwa kwa mujibu wa sheria. "Ya soda" haimo kwenye sheria yoyote niliyoisoma.

Wakisema una kosa la sheria ndogo, kuna njia mbili halali. Upelekwe mahakamani, au mfifilishe kosa, yaani ukubali kosa kwa hiari yako kwa maandishi, ulipe faini iliyoandikwa kwenye sheria ndogo hiyo, upewe stakabadhi, yaishe. Ukilipa papo hapo bila kuandika chochote, hujafifilisha kosa. Umemnunulia mtu chakula cha mchana, na kesho atasikia njaa tena.

Wakichukua mali, taja kila kitu kwa sauti mbele ya watu: kabati moja, karai moja, mtungi wa gesi mmoja, viazi ndoo mbili. Piga picha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka ofisa anayekamata kitu katika upekuzi atoe stakabadhi ya alichokamata. Iombe. Usipigane, usitukane, usilishikilie karai lenye mafuta ya moto, maana hapo kosa linabadilika jina na wewe ndiye unayekuwa na kesi. Ukiombwa hongo, TAKUKURU wana namba 113, kupiga ni bure.

Na msiende mmoja mmoja. Mtu mmoja ofisi ya kata anaitwa "kijana, subiri nje." Watu kumi na tano wenye jina la kikundi na katiba yao wanapewa viti. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya vijana, ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudi 2024. Ni ya vikundi vilivyosajiliwa. Wanaojua hilo wameshajaza fomu.

Nimalizie na maswali mliyoniletea kwenye vikaratasi.

Mmoja anauliza juu ya kirikuu alichokigeuza jiko. Ndugu yangu, wewe una mizigo miwili. Gari lina sheria zake za usalama barabarani na bima, na chakula kina zake. Kuegesha kihalali hakukupi ruhusa ya kuuza. Tafuta kiwanja cha mtu kama nilivyosema, au viwili, na kila kimoja kiwe na leseni yake, maana leseni inataja mahali pamoja.

Mwingine anauliza kama mama yake anayeuza maandazi na uji alfajiri mlangoni kwake naye anahitaji hayo yote. Mama akajiandikishe kitambulisho, apime afya. Huyo ana bahati kuliko sisi sote: mahali anapo.

Wa mwisho anauliza tutazijuaje hizo sheria ndogo wakati ofisi ya kata wanasema hawana nakala. Sheria ndogo ya halmashauri hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na kila tangazo lina namba na mwaka. Msiombe nakala. Ombeni hiyo namba na huo mwaka, iandikwe kwenye karatasi ya faini mnayotakiwa kulipa. Akishindwa kuiandika, muulizeni anatoza kwa sheria ipi.